Mama Kliniki na Mwiko Wangu wa Samaki

Mama Kliniki hakuwa mtu wa kusalimia kwa mkono. Alikuwa anakusogelea, anakushika shavu, na kwa kidole gumba anakuvuta kope ya chini aone wekundu wa ndani. Akiridhika anasema, "Haya, shikamoo yangu iko wapi?" Asiporidhika haulizi shikamoo. Anauliza jana umekula nini, juzi umekula nini, na nani alipika. Alifanya hivyo sokoni, alifanya hivyo kanisani wakati wa kupeana amani, na siku moja nikiwepo alifanya hivyo msibani, kwa mjane, jeneza likiwa bado sebuleni. Watu waliguna. Mjane mwenyewe alikuwa na mimba kubwa na kope nyeupe, na kabla hajaondoka pale Mama Kliniki alikuwa ameshamwachia vidonge vya damu vilivyofungwa kwenye karatasi.

Jina lake nalijua. Watu wote wa Lipangalala, mtaa wetu, wanalijua, ila sijasikia mtu akilitumia. Hata mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akimwita Mama Kliniki, tena kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya wajawazito hapa Ifakara tangu mimi sijaolewa mjini hapa, na aliendelea kuwa muuguzi mpaka serikali ilipomwambia basi. Nimekaa naye jirani miaka mingi kuliko nilivyopenda. Nasema hivyo kwa uchovu tu, sina chuki naye. Kuna watu ukiwa nao karibu lazima ukae macho muda wote, na mimi cherehani imeshanichosha macho ya kutosha.

Sare zake nilimshonea mimi. Gauni jeupe, mikono mifupi, na mifuko. Kila gauni jipya alitaka mfuko mkubwa kuliko wa gauni lililopita, kwa sababu vidonge alikuwa anatembea navyo. Nilimwambia mama, ukiendelea hivi nitakushonea mfuko nikutundike wewe pembeni. Alicheka, akasema ongeza inchi. Lakini kupimwa hakutaka. Mtu aliyeshinda anapima watu matumbo, uzito, presha na urefu, ukimsogelea na futi ya kitambaa anarudi nyuma. "Vipimo vyangu ni vile vile, fundi." Havikuwa vile vile. Nilikuwa namkadiria kwa macho akiondoka, naongeza kiunoni kimya kimya, na yeye akilivaa gauni ananiambia, "Unaona? Nilikwambia."

Mdomo wake ulikuwa mkali na hauchagui. Mwanamume akimsindikiza mkewe kliniki huku amevaa viatu vizuri na mke amevaa ndala zilizokatika, alikuwa anamwambia wavuliane wabadilishane pale pale. Mama mkwe akijibu badala ya mkamwana, alikuwa anamtolea kitanda cha kupimia. "Panda wewe basi, maana naona mimba ni yako." Wasichana wadogo waliopata mimba shuleni, ambao kila mtu aliwasema, hao aliwaita mwanangu, akawapikia pepeta za mpunga mchanga na karanga nyumbani kwake. Huwezi kumweka mtu huyo kwenye fungu moja.

Vita yake kubwa ilikuwa na miiko. Huku bondeni mwanamke akishika mimba, kila mtu anageuka kuwa mlinzi wa mdomo wake. Usile mayai, mtoto atazaliwa hana nywele. Usile samaki wa aina hii, mtoto atatoka udenda. Maini yaachie wanaume. Mwisho wa yote mwanamke anashindia ugali na mlenda, na damu inakuwa maji. Mama Kliniki alikuwa akisimama mlangoni siku ya kliniki, mikono kiunoni, anawaambia waliojaa kwenye mabenchi, "Mwiko wako uuache hapa nje. Ukitoka utaukuta, hakuna atakayekuibia."

Maneno peke yake hayakumtosha, ndipo akabuni ule mchezo wake wa uji. Siku za kliniki alikuwa anakuja na sufuria la uji wa mchele, mtamu kweli, watu waliotoka mashamba ya mbali hawajala kitu wanagombea vikombe. Wakishamaliza anagonga mwiko kwenye sufuria. "Haya, mmekunywa mayai humo. Mmekunywa na dagaa wa kusaga. Kuna aliyekufa?" Mmoja anaguna, halafu benchi zima linacheka. Wengi waliacha miiko yao kwa namna ile. Watoto walizaliwa na nywele zao. Mchezo ule ulipata sifa mpaka Malinyi, na hakuna aliyeuona kuwa ni kumdanganya mtu. Ulionekana ni ucheshi wa mtu anayekupenda.

Mimi uji ule sikuwahi kuunywa. Pua yangu ilikuwa inaujua kabla sufuria halijafunuliwa. Nilikuwa nasema asante mama, nimeshiba, na yeye alikuwa ananitazama kama kazi aliyoiacha njiani.

Siku moja nilimuuliza kwa nini jambo la miiko linamkera hivyo. Alikuwa kwangu anasubiri nimalizie pindo. Alinijibu bila kuinua kichwa. "Nikiwa nimeanza kazi, nilimshika mkono mama mmoja akifa kwenye uzazi. Alikuwa mweupe mpaka midomo. Nikatoka nje kuwaambia ndugu. Mama mkwe wake amekaa na kikapu cha mayai, ametuletea zawadi sisi wahudumu. Mayai yamejaa, fundi. Kwake yalikuwepo siku zote." Basi, akachukua gauni lake akaondoka. Tangu siku hiyo nikawa simcheki sana akipiga kelele.

Ila naye alikuwa na mwiko wake. Nyama ya bata hakuigusa. Ukimuuliza anasema ina harufu. Dada yake alipokuja kutoka Mahenge kumtembelea ndiye aliyetuambia, tena mbele yake, kwamba bata ni mwiko kwenye ukoo wao tangu mababu. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mama Kliniki alikasirika kabisa. "Kwangu siyo mwiko. Mimi sipendi tu," akasema, akainuka kwenda kufunga kuku ambao walikuwa wameshafungwa.

Sasa mwiko wangu mimi. Nimezaliwa upande wa Malinyi, nyumba ya wavuvi. Baba yangu alivua kwenye mto Kilombero mpaka mgongo ukapinda. Kwetu samaki walikuwa juu ya bati wanakaushwa, ndani ya kikaango, na kwenye nguo zetu. Lakini bibi yangu mzaa mama hali samaki, shangazi yangu mmoja wa upande huo hali, na mimi nikiwa mdogo nilipewa perege nikavimba uso mpaka macho yakafumba. Bibi alinipakata akasema, "Huyu kaufuata mwiko wangu." Nikatengewa chungu changu. Hakuna aliyeuita ugonjwa. Ugonjwa unatibiwa, na mwiko ni kitu cha ukoo, unaheshimiwa, hata fahari kidogo unaionea. Kwa hiyo kliniki nilipoulizwa kwa nini sili samaki, nilijibu kama nilivyolelewa, kwamba kwetu ni mwiko. Mama Kliniki alilisikia neno hilo, na baada ya hapo hakusikia jingine.

Mimba ninayoisimulia ilikuwa ya kwanza kufika mbali baada ya nyingine kuharibika. Nilikuwa nimechoka na tumaini lenyewe. Kila wiki iliyopita nilikuwa naivuka kwa tahadhari, kama mtu anayepita kwenye tope amebeba mayai. Damu yangu ilikuwa chini. Vidonge vyekundu vya damu vya kliniki nilikuwa nameza vizuri, havinidhuru, ila havikupandisha haraka alivyotaka yeye. Akaanza kunipitia nyumbani. Kope, kope, kila asubuhi kope. Mume wangu akawa anamkimbia.

Binti yake aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam alikuja likizo na kopo la vitamini za wajawazito. Vidonge vikubwa, laini, rangi ya asali, ukivishika juani unaona upande wa pili. Mama Kliniki aliniita kwake asubuhi, kabla sijafungua duka. Nilimkuta barazani na kopo na kikombe cha maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa. Hivi vimetoka mbali, na nimekuwekea wewe. Meza kimoja."

"Ni vya nini, mama?"

"Vya kukutia nguvu wewe na mtoto. Au hutaki nguvu?"

Nilimeza. Hakikuwa na harufu yoyote, hilo nalikumbuka, maana ningekisikia. Alinifungulisha mdomo aone, kama kawaida yake, halafu akaegemea kiti akaanza kucheka kile kicheko cha siku ya uji.

"Haya, fundi. Ndani yake kuna mafuta ya samaki. Umeshakula samaki leo. Umekufa?"

Viganja vilikuwa vimeanza kuwasha. Nikavikuna. Halafu midomo, halafu masikio kwa ndani. Nikakohoa. Yeye bado anacheka, akafikiri namwigizia, akasema, "Acha michezo yako wewe." Nilipotaka kusema ulimi haukunisikiliza. Nakumbuka nilishika tumbo. Sikushika koo, nilishika tumbo, kwa sababu nilijua kinachokwenda ni nini. Hapo ndipo kicheko kilipokatika.

Nitasema haki yake. Sijawahi kumwona mtu akiwa mwepesi vile. Alinilaza ubavu wa kushoto, akapiga yowe moja tu, na kabla majirani hawajafika alikuwa barabarani peku, kanga imebaki barazani, amesimama mbele ya bajaji ya mtu amenyoosha mikono yote miwili. Abiria waliokuwemo aliwashusha kwa kuwavuta. Ndani ya bajaji alinishika taya ili nipate pumzi, na njia nzima hakusali. Alimtukana dereva. Alimtukana kwa Kipogoro na kwa Kiswahili, akamtukana na aliyechimba mashimo ya ile barabara, na nilipokuwa nafumba macho alinipiga kofi. "Nitazame! Nitazame mimi!" Sikuweza kumtazama, kope zilikuwa zimejaa.

Hospitali ile alikuwa anajulikana na kila mtu, wauguzi vijana nusu yao yeye ndiye aliyewafundisha kazi. Daktari kijana akauliza mgonjwa amekula nini. Mimi sioni, lakini nasikia. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema nimejinunulia kitu mtaani, nani angembishia. Nilimsikia akijibu kwa sauti ya kawaida, ile ya kutoa taarifa. "Nimempa kidonge cha mafuta ya samaki. Alikuwa ameniambia hali samaki. Nimempa makusudi. Mchome sindano, daktari, maneno baadaye." Nikachomwa sindano pajani.

Niliamka mchana uso umepungua na mkono wa mtu upo juu ya tumbo langu. Ulikuwa wake. Alikuwa ameinamisha sikio kwenye kile kipembe cha kusikilizia mtoto, muda mrefu, na alipoinuka alisema, "Anapiga." Alinifunika shuka akatoka.

Daktari alinieleza kwamba ile ni aleji, kwa Kiswahili mzio, na kwamba bibi yangu na shangazi yangu walikuwa nao pia. Mwili unamwona samaki kama adui. Akasema dawa yake ni kutomla, wala mafuta yake, wala chochote chenye kitu chake ndani. Nikafikiri, basi bibi alikuwa na dawa sahihi miaka yote, jina tu ndilo lilikuwa jingine.

Baada ya hapo ndipo ubaya ulipoanza. Mtaa mzima ulikuwa na habari, na habari zikizunguka mtaani hurudi zimenenepa. Ikawa vidonge vya kliniki vinavimbisha. Wanawake wakavipokea mlangoni na kuvitupa kwenye majaruba ya mpunga. Na mimi mwenyewe, ambaye nilikuwa najua vyekundu havijawahi kunifanya kitu, nikishika kile kidonge koo linafunga. Nilijiambia acha upumbavu. Koo halikusikia. Damu ikaendelea kushuka na tumbo likaendelea kukua, na kila aliyenipima alikuwa anatazama pembeni akisoma majibu. Nilielewa vizuri kwamba nikienda kujifungua vile naweza nisirudi. Nikimeza, naogopa kufa. Nisipomeza, ndiyo nakufa.

Mama Kliniki alikuwa akija kila asubuhi mpaka kwenye uzio wetu wa mabua, anasimama nje. Haingii. Anamtuma muuguzi kijana aliyekuwa akimfundisha kazi, msichana mpole wa Sanje, aniletee kidonge na maji. Siku za kwanza nilimrudisha navyo. Yule msichana hakubishana, alikuwa anakaa tu kwenye mkeka wangu. Siku moja alipasua kidonge katikati, akala nusu yake mbele yangu, akanipa iliyobaki. "Dada, huyu pale nje hajalala kitandani wiki nzima. Analala kwenye kiti," akaniambia. "Amesema nisikwambie." Nikatazama uzio. Nikaona kipande cha gauni jeupe nililolishona mwenyewe kati ya mabua. Nilimeza ile nusu, nikakaa nikiangalia viganja vyangu mpaka jua likawa kali, na havikuwasha. Kesho yake nikameza kizima.

Lakini si kwa mkono wa Mama Kliniki. Hata siku moja.

Nilijifungua masika, mtoto wa kike, mvua inagonga bati kiasi kwamba sikusikia kilio chake cha kwanza. Waliosikia ni waliokuwa nje. Nimeambiwa Mama Kliniki alikuwa amekaa kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, amevaa sare, siku ambayo haikuwa zamu yake, na aliposikia mtoto alikwenda zake.

Kuniomba radhi hakuniomba. Hilo ndilo watu walishindwa kuelewa, na mimi nikiwamo. Alilosema mbele ya daktari na wanafunzi wake, mbele yangu lilimshinda. Ila siku ya kliniki mchezo wa uji uliisha. Na swali lake la kwanza kwa kila mjamzito likawa lile alilolipiga vita maisha yake yote. "Kwenu kuna mwiko gani?" Wanawake wakashtuka, wengine wakadhani wanategwa. "Sema tu, sicheki. Na ukikosea ukala, mwili unafanya nini? Unawashwa? Unavimba? Pumzi?" Anayesema hapana, ni mtoto tu atatoka udenda, huyo alimpa somo lake la zamani pamoja na mayai ya kuchemsha. Anayesema navimba, alimsikiliza mpaka mwisho, halafu anakagua kila dawa anayotaka kumpa, na ile asiyoifahamu alikuwa anakwenda kumuuliza daktari, yeye ambaye zamani alikuwa hamuulizi mtu.

Ilimchosha. Nilimwona akichoka. Wengine waligundua kwamba neno mwiko sasa lina nguvu, wakalitumia kukwepa kila kidonge. Alikuwa anabembeleza, yeye aliyekuwa anafoka. Kuna mama mmoja alikwenda kuishi kwenye kibanda cha shambani msimu wa mpunga, upande wa Malinyi, amekataa vidonge vya damu kwa kunitaja mimi. "Yule mshonaji wa Ifakara, si alivimba?" akasema. Mama huyo alifia njiani akiletwa kujifungua. Mama Kliniki alikwenda kuzika. Alirudi na tope mpaka magotini, akapita moja kwa moja dukani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja bila salamu. Nikaendelea kushona.

"Yule naye nimemuua mimi," akasema.

"Mama, usiseme hivyo."

"Niseme vipi?"

Nilizima cherehani tukakaa hivyo hivyo mpaka wateja wakaanza kuingia.

Sasa niseme kuhusu chai. Binti yangu alipoanza kutembea alijipeleka mwenyewe kwa Mama Kliniki, watoto hawana habari na mambo ya wakubwa. Nikawa namfuata. Tukarudi kuwa majirani. Nikaenda kwake kwa misiba, kwa harusi, kwa mazungumzo ya jioni, na nilipofiwa na mama yangu yeye ndiye aliyenishika bega hadi mazishi yakaisha. Lakini ndani ya nyumba yake sikula wala sikunywa. Hata maji. Mwanzoni nilitoa visingizio, baadaye nikaacha kutoa. Haikuwa hasira. Hasira ingekwisha. Nikifika pale kikombe kikawekwa mbele yangu, koo linakumbuka lenyewe.

Na yeye kila mara alikiweka. Chai ya tangawizi, kikombe chenye maua, kisahani juu yake kuzuia inzi. Hakusema kunywa. Hakusema mbona hunywi, na kwetu huku mtu akikataa maji ya nyumba yako ni tusi linalotosha kuvunja ujirani. Tulikuwa tunaongea mpaka chai inapoa na kuweka utando juu, nikiaga ananisindikiza hadi barabarani. Nikigeuka namwona anamwagia kwenye mizizi ya mpapai. Miaka yote ya utoto wa binti yangu, mpapai ule ulikunywa chai yangu.

Mwaka huu, baada ya masika, nilisikia kwamba binti yake anakuja kumchukua akaishi naye Dar es Salaam. Presha imemsumbua, miguu imevimba, na kope zake sasa wanamfunua wengine. Nilikwenda siku moja kabla ya safari. Nilimkuta sebuleni kwenye kiti cha plastiki, mabegi mawili ukutani yamefungwa, kuta zimebaki na alama za picha zilizotolewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Njoo." Alinyoosha mkono kwenye shavu langu, akanivuta kope, akaangalia. "Umechoka wewe."

"Nimechoka, mama."

"Na mimi."

Nikakaa. Akamuulizia binti yangu, nikamwambia yuko chuoni, amenisumbua kwenye simu anataka kujua kama Mama Kliniki kweli anahama. Akatabasamu. Tukaongea habari za mvua, na nani atakaa kwenye nyumba, na mashine ya kukobolea iliyoungua. Maongezi ya watu wenye kitu kingine cha kuongea. Kwa muda mrefu nilihisi kuna kitu kimepungua chumbani, nikafikiri ni zile picha. Halafu nikaona meza. Ilikuwa tupu.

Alifuata macho yangu.

"Leo sijakuwekea," akasema. "Nimechoka kumwaga."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza kwamba mkaa umekwisha. Na mimi nikaona aibu inanipanda, na huzuni, vyote pamoja, na chini yake nikakuta kitu ambacho sikukitegemea, kwamba nampenda mama huyu na kesho hayupo. Nilijua pia kwamba kama nikiondoka hivi sitapata tena nafasi ya kunywa maji ya nyumba hii.

"Mama," nikasema, "naomba maji ya kunywa."

Mkono wake ulishika mkono wa kiti kama anayetaka kuinuka kwenda kuniletea, alivyowaletea watu maisha yake yote. Kisha akauachia.

"Nenda kachote mwenyewe," akasema. "Ndoo iko jikoni, yamechemshwa jana. Chota mwenyewe, uone kilichomo."

Nilikwenda. Ndoo ilikuwa na mfuniko, kikombe kimefunikwa juu yake. Nilichota, nikayatazama, yalikuwa maji tu. Niliyanywa pale pale nimesimama, kwa sababu nilijijua, nikiyabeba mpaka sebuleni nitaanza kufikiri. Koo lilibana kidogo. Halafu likapitisha. Nilikunywa mpaka chini, kikombe kikiwa mdomoni machozi yakawa yananitoka, nikasubiri yaishe ndipo nikaanza kukiosha.

"Fundi," aliita kutoka sebuleni. Alikuwa amesikia mlio wa maji. "Umekunywa?"

"Nimekunywa, mama."

Kiti cha plastiki kililia, akajiweka sawa.

"Basi kikombe usikioshe," akasema. "Kiache hapo hapo nikikute."